Barua kutoka Chicago: Dola 18 za Desemba

Ndugu zangu wa nyumbani,

Leo alfajiri nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya benki, kwa sababu kikwangulio nilikiazimisha kwa jirani na jirani kasafiri. Ni wiki ya tatu ya Desemba. Wenzangu ofisini wanahangaika na zawadi. Mimi nahangaika na watu wazima wenye ndevu ambao hawajamaliza darasa.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliyeko Dar, anayejifunza kazi kwa dalali mmoja wa hisa, alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika tatu za mwanzo zilikuwa salamu za ukoo mzima. Mwisho akauliza: "Mjomba, hivi huko mtu akishapata leseni ya kununua na kuuza hisa, si ndiyo kamaliza? Anakula maisha tu?" Nilicheka peke yangu kwenye treni hadi mama aliyekaa pembeni yangu akahama kiti. Barua hii ni jibu lake, ila nimeona nimjibu mbele yenu wote.

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo inayonunua na kuuza hisa na opsheni kwa fedha zake yenyewe. Hakuna mteja anayebisha hodi kwetu. Wanaokaa mbele ya skrini tunawaita matreda. Mimi si treda. Nakaa chumba cha nyuma, kazi yangu ni kuhakikisha makaratasi ya kila mmoja yako sawa, nao wananiita polisi. Dirisha langu linatazamana na jengo la Board of Trade la mwaka 1930, lile lenye sanamu ya Ceres juu ya paa, mungu wa nafaka wa Warumi. Sanamu hiyo haina macho, pua wala mdomo. Nikichoka huwa namtazama yule mama: pesa zote zile zinapita chini ya miguu yake, na yeye haoni kitu.

Treda wa huku haruhusiwi kugusa kitufe kabla hajasajiliwa. Lazima afaulu mtihani uitwao Series 57, ulioanza Januari 2016: maswali 50, saa moja na dakika 45, alama ya kupita ni 70. Tangu Oktoba 2018 kuna mwingine wa kuanzia, SIE. Anachukuliwa alama za vidole, anaulizwa kama aliwahi kushtakiwa au kufilisika, kisha jina lake linaingia kwenye daftari la FINRA. FINRA si idara ya serikali. Ni chombo cha kuwasimamia wenye kazi hii, kilichoundwa 2007, na juu yake iko SEC, tume ya serikali iliyoanzishwa 1934 baada ya soko kuporomoka 1929 na watu kubaki na vyeti vya hisa visivyonunua hata mkate. Mpwa wangu anayo CMSA yake ya kusimamia soko hapo Dar, atanielewa bila shida.

Alipokosea ni kudhani kwamba kufaulu ndio mwisho. Tangu 1995 kuna sharti la kurudi darasani. Zamani ukitimiza miaka miwili tangu usajiliwe unaitwa, halafu tena kila baada ya miaka mitatu. Wakongwe wa ofisini kwetu wanasimulia jinsi walivyokuwa wakienda kituo cha mtihani, saa za mikononi zimevuliwa, mifuko imegeuzwa nje, wanakaa mbele ya kompyuta nusu siku, na ada yake dola 100. Somo lilipohamia kwenye intaneti, kati ya 2015 na 2016, ada ikashuka hadi dola 55. Matreda waliokuwa na mtihani wa kale, Series 56, nao walikuwa na somo lao la pembeni kwa dola 60. Kisha Januari 2023 mambo yakabadilika: kila mwaka, kila mtu, mwisho tarehe 31 Desemba, kwa ada iliyoanzia dola 18. Mpwa wangu, chukua simu yako ugawanye 55 kwa 3, halafu utupe senti. Umeona walikoitoa hiyo 18?

Ada hiyo haitoki mfukoni mwa treda. Kampuni ina akaunti yake FINRA, inaweka fedha mapema, na kila ada inakatwa humo humo. Hata hivyo mwaka juzi alikuja mlangoni kwangu treda mmoja ambaye asubuhi ile nilimshuhudia akipoteza dola 40,000 kabla ya chakula cha mchana, bila kupandisha sauti. Akasimama pale na kikombe cha kahawa, akaniuliza kwa uso mkavu kabisa kama zile 18 zitakatwa kwenye mshahara wake. Nikamwambia hapana. Akashusha pumzi. Sijawahi kumwona akishusha pumzi namna ile kwa jambo lolote lililotokea kwenye skrini.

Kwa hiyo ada yenyewe si tatizo. Kinachouma ni tarehe. Asiyemaliza hadi usiku wa 31 Desemba, mwaka mpya unaanza akiwa amezimwa. Kiingereza chao kina neno lake, mimi nasema amezimwa, kwa sababu ndivyo ilivyo: kama laini ya simu. Mnakumbuka tuliposajili laini kwa alama za vidole, foleni za vitambulisho vya NIDA, watu wamelala nje na vitoto mgongoni? Tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2019, Rais Magufuli akaongeza siku 20. Huku siku 20 za huruma usizitegemee. Aliyezimwa haruhusiwi kununua wala kuuza, na haruhusiwi kulipwa kwa kazi inayodai usajili. Akikaa hivyo miaka miwili, usajili unafutwa kabisa.

Ndiyo maana nafukuzana nao. Jana nilikaa na mmoja pembeni yake, nikiwa nimebeba kiti changu mwenyewe, nikamwambia siondoki. Masomo siku hizi ni mikasa mifupi: mtu fulani kafanya hivi, bosi wake kafanya vile, wewe ungefanyaje? Mkasa wa jana ulihusu treda anayeweka oda kubwa za kununua ambazo hana nia nazo. Soko likiziona linapanda, naye anauza za kwake kwa bei nzuri, kisha oda zile za danganya toto anazifuta. Nilipokuwa mdogo Tanga, kwenye mnada wa samaki, kulikuwa na kijana wa muuzaji aliyejichanganya na wanunuzi, kazi yake kupaza bei ya changu na kolekole halafu anayeyuka kabla ya kulipa. Akina mama wenye vikaango walikuwa wanamjua na walikuwa na jina lake, ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa. Huku mchezo ule ni jinai. Mwaka 2015, hapa hapa Chicago, baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani Michael Coscia, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Yeye alikuwa akifanya biashara ya mikataba ya baadaye, si hisa, lakini kolekole ni yule yule. Nilipomsimulia treda wangu habari za mnada wetu, kwa mara ya kwanza aliacha kubofya bila kusoma. Alimaliza dakika 40 baadaye, akaniuliza changu anaandaliwaje.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikae kuandika, kwa sababu hili ndilo linalotugusa sisi tuliotoka mbali.

Mwenye kazi analipiwa ada. Je, aliyeacha kazi? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa fupi: ukitoka kwenye kampuni iliyosajiliwa, una miaka miwili. Ikipita kabla hujapata kampuni nyingine, mtihani wako umekufa, rudi mwanzo. Kwa Mmarekani aliyehama kutoka mtaa huu kwenda ule, miaka miwili ni mingi. Kwa mtu ambaye nyumbani kwao ni Kisumu au Moshi, miaka miwili ni kufumba na kufumbua. Nina rafiki Mkenya, tulikuwa tukipika ugali pamoja kila Jumapili, aliondoka 2017 baba yake alipofariki. Alikwenda kwa mazishi, akakuta kesi ya shamba. Wenye kesi za mashamba mnajua kalenda yake. Alirudi Chicago miaka miwili na miezi mitatu baadaye. Miezi mitatu tu, ndugu zangu! Miaka yote aliyokaa mbele ya skrini haikuhesabika. Na kwa kuwa Series 57 huruhusiwi kuifanya bila kampuni ya kukudhamini, alizunguka kuomba kazi asiyoruhusiwa kuifanya ili aruhusiwe kufanya mtihani wa kazi hiyo. Miezi saba aliendesha teksi za simu. Nilikuwa nampelekea sukuma wiki.

Mwaka 2022 FINRA wakafungua mlango. Mtu aliyesajiliwa angalau mwaka mmoja akiacha kazi anaweza kujiandikisha kwenye mpango wa kulinda sifa zake, akasoma masomo yake kila mwaka huko huko aliko, na sifa zikabaki hai hadi miaka 5. Ada dola 100 kwa mwaka, na hii hailipwi na kampuni, maana kampuni haipo. Inatoka kwenye kadi yako.

Dada mmoja wa Moshi, treda hodari kuliko wanaume wengi ninaowafukuza kila Desemba, aliacha kazi mwanzoni mwa 2023 kwenda kumuuguza mama yake aliyepigwa na kiharusi. Nilimsaidia kujaza fomu siku mbili kabla ya ndege. Alikuwa ameshauza kitanda, tulikaa sakafuni na kompyuta ndogo juu ya sanduku la nguo. Alipofika kwenye ukurasa wa malipo akasimama. Kasema: "Kaka, hii laki mbili na ushee ya nini? Mimi sina kazi." Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia, fikiria unamlipa mlinzi akulindie kiwanja. Akalipa, huku akimtaja mlinzi huyo kwa Kichaga.

Hesabu ile bado inanikera. Mwaka ule wa 2023 mwenye mshahara alilipiwa 18 na bosi, asiye na mshahara alitoa 100 mwenyewe. Wataniambia masomo ya aliyeko nje ni mengi zaidi, na ni kweli, ameongezewa ya vitendo juu ya yale ya kila mtu. Wataniambia pia kwamba ni hiari. Hiari ya mtu mwenye mama mgonjwa ni hiari gani? Lakini niwe mkweli pia: kama mlango huu ungekuwapo 2017, yule Mkenya angeulipia hata kwa kukopa, na mimi ningemkopesha. Dola 100 ni ghali kwa asiye na kipato, na ni rahisi mno ukilinganisha na miezi saba kwenye teksi. Yote mawili nayasema kwa pamoja.

Mpwa wangu, basi jibu lako ni hili. Leseni ya huku si cheti cha kutundika ukutani sebuleni. Ukitaka kuja, SIE unaweza kuifanya bila kudhaminiwa na kampuni yoyote, mradi umefikisha miaka 18, na matokeo yake yanadumu miaka 4. Ulipishwe ada au ulipiwe, weka risiti. Masomo usiyaache mpaka wiki ya Krismasi, kwa sababu kuna polisi kama mimi kila ofisi, na hatupendi kuharibiwa sikukuu. Ukiamua kubaki Dar, baki na moyo mkunjufu. Soko lenu lilianza na kampuni moja tu, TOL, mwaka 1998, nalo limekua bila kuningoja mimi.

Dada wa Moshi alinipigia juzi kwa video. Masomo ya mwaka huu amemaliza mapema, tarehe 9, usiku, baada ya umeme kurudi, kompyuta ikiwa juu ya meza ya jikoni na mama yake akimuuliza kila baada ya dakika tano kama ameshapika. Mama anatembea sasa, kwa mkongojo, hadi kwenye migomba na kurudi. Nikamuuliza anarudi lini Chicago. Akageuza simu akanionyesha mama amekaa kwenye jua, anachambua mchele.

Januari atalipa tena dola 100.