Kutoka Kawangware Mpaka Kibera kwa Ajili ya Kisu

Marehemu baba yangu alikuwa mkulima, na katika vitu alivyoniachia kimo kisu kimoja kidogo, hakizidi shibiri moja pamoja na mpini wake. Si kisu cha kukunja. Chuma chake kilikatwa katika springi ya gari, nacho kimepita moja kwa moja mpaka mwisho wa mpini. Kwa kisu hicho baba alikata kamba, akachuna mbuzi, akamenya viazi. Mwaka huu mpini wa mti ulipasuka, na mke wangu akanishauri nikitupe, maana vipya vimejaa dukani. Nikaona vigumu. Jumamosi moja nikakifunga gazetini, kisha katika kitambaa, nikatoka nyumbani kwangu Kawangware kwenda kutafuta fundi.

Sokoni Kawangware akina mama walikuwa wakikata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi, majani yamekunjwa mkononi, na kisu kikienda pasipo wao kukitazama. Karibu nao alikuwapo mnoaji na baiskeli yake. Ameisimamisha mahali pamoja, anakanyaga pedali, na mkanda unazungusha jiwe la kunolea. Alikigonga kisu changu kwa ukucha, akasikiliza.

"Bwana, hiki usikitupe," akasema. "Vile vyembamba vya bei rahisi ukivinoa leo, kesho ni butu. Lakini mipini si kazi yangu. Nenda Kibera kwa wachonga mifupa."

Alisema kweli. Chuma cha springi kikitiwa moto mpaka kikawa chekundu na sumaku isikishike tena, kisha kikachovywa katika mafuta, huwa kigumu sana. Baadaye hupashwa moto tena kidogo ili kisivunjike. Ndiyo maana makali yake hudumu.

Basi nikafuata Barabara ya Naivasha mpaka Dagoretti Corner, nikashika Barabara ya Ngong. Njiani askari wawili walinisimamisha wakaniuliza nimebeba nini. Moyo ulinienda mbio, kwa kuwa Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 308, humwadhibu mtu aliye na silaha ya hatari katika hali ya kuonyesha kwamba anakusudia kutenda kosa kubwa. Nikafungua kitambaa polepole, nikawaonyesha ule ufa. Mmoja akacheka, akasema, "Nenda kakitengeneze, lakini usikifungue tena njiani."

Nikateremkia Kibera penye soko la Toi. Hapo zamani palikuwa msitu, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana hiyo. Kwani waliotangulia kukaa hapo walikuwa askari Wanubi wa King's African Rifles pamoja na jamaa zao, mwanzoni mwa karne ya 20. Leo mna mafundi wanaonunua mifupa ya ng'ombe, wakaichemsha kuondoa mafuta, wakaikata kwa msumeno na kuisugua mpaka ing'ae.

Fundi niliyempata aliushika kwanza mkono wangu, akaupima. Kisha akatoboa vipande viwili vya mfupa, akavibana pande zote mbili za chuma kwa misumari ya shaba. Ujira wake ulizidi bei ya kisu kipya cha dukani. Nalisema hili ili msomaji asidanganyike.

Jioni mke wangu alikatia nyama kisu hicho, asiseme neno. Asubuhi nikaona kile cha dukani kimewekwa kando.

Ndugu msomaji, ukiwa na kisu cha namna hii, usikiache majini wala juani, maana mfupa hupasuka. Kinoe kabla hakijawa butu, kwani kisu butu huulazimisha mkono kutumia nguvu, na ndipo vidole hukatwa. Ukisafiri nacho, kifunge vema. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Nami naongeza kwamba mwenye mpini imara ndiye abakiye na vidole vya kuilia.