Fungu la Mwalimu

Makambako, Jumatatu, 15 Julai 2024

Baridi imekaza, vidole vyangu havitaki kushika chaki. Kidato cha tatu wako 42, kompyuta zinazowaka ni 8. Moja kila ikizimwa saa yake inarudi mwaka 2009, maana betri ya kitufe kwenye ubao wake mkuu imekufa. Betri hiyo ni ya bei ndogo tu dukani, ila haina fungu. Ruzuku ya uendeshaji ni Sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nayo inagombaniwa na chaki, karatasi za mitihani, umeme na ukarabati. Mkuu wa shule amenikabidhi kazi: niandike andiko la mradi tuombe ruzuku nje.

Alhamisi, 18 Julai

Leo tumefanya vitanzi kwa Python. Zoezi: jumlisha uzito wa kreti za parachichi. Waliokuwa kwenye mashine walipata uzito wa kreti ya mwisho tu, wakawa wanabonyeza na kubonyeza. Wasichana wawili waliokosa nafasi walichora daftarini jedwali la safu tatu: duru, uzito, jumla. Wakafuatilia mstari kwa mstari kwa penseli. Mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, jumla = 0 imeandikwa ndani ya kitanzi. Kila kreti inafuta iliyotangulia.” Ndivyo ilivyokuwa.

Mbinu ya jedwali niliipata kwenye mafunzo kazini. Bila mafunzo yale ningewasahihishia mwenyewe na kusonga mbele, nao wasingejifunza kitu. Andiko langu litaanzia hapa.

Njombe, Jumatano, 24 Julai

Nimepanda Kosta asubuhi, kama kilomita 60, ukungu umetanda juu ya mashamba ya chai. Ofisa niliyempelekea rasimu aliisoma yote, nikamshukuru kwa hilo. Akasema, “Mwalimu, wafadhili wanapenda kinachoonekana. Weka kompyuta 40, picha zitatoka vizuri.”

Nikamjibu, “Nimekuelewa, mama. Lakini mwalimu wa kompyuta ni mimi peke yangu. Nikihamishwa, nani atazifundishia?”

Akatafakari. “Basi litetee kwa hesabu. Maneno matupu hayapiti.”

Makambako, Jumapili, 28 Julai

Baada ya ibada nimekaa na mchanganuo wa gharama. Nimejitafutia mifano ya kuutetea.

Kenya ilianza kupeleka vifaa vya kidijitali shule za msingi mwaka 2016, vikapita milioni 1. Magazeti ya huko yameandika mara nyingi habari za vifaa vilivyofungiwa makabatini. Uingereza nayo, baada ya kuifanya kompyuta kuwa somo la lazima, ilitenga pauni milioni 84 kuwapa walimu ujuzi, na mwaka 2018 kikaanzishwa kituo cha taifa cha kazi hiyo. Nchi tajiri, yenye vifaa tele, bado iligundua kwamba pengo liko kwa mwalimu.

Hapa kwetu msingi upo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa na sheria ya mwaka 2006, hutumia tozo za kampuni za mawasiliano kufikisha huduma kule ambako biashara hailipi. Umegawa kompyuta mashuleni, na umewapeleka walimu wa shule za umma kwenye mafunzo ya TEHAMA katika vyuo kama MUST pale Mbeya na UDOM. Andiko letu liende njia hiyohiyo, lisiombe vifaa vitupu.

Nimegawa bajeti hivi: nusu ni mafunzo ya walimu wa shule jirani, pamoja na nauli na chakula chao, robo ni kompyuta zilizotumika, robo iliyobaki ni matengenezo, betri, vidhibiti umeme na kufuta vumbi, kwa miaka mitatu.

Ijumaa, 9 Agosti

Andiko limekwenda. Lingetoka mapema, ila wiki hii maofisa wengi walikuwa Mbeya kwa Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale.

Bodi ya shule imekubali kutenga fedha za matengenezo kila muhula, hata mfadhili asipopatikana. Nami nimezungumza na mwalimu wa hisabati wa shule jirani. Anajua mantiki kuliko mimi, kilichomkwamisha ni kukosa mtu wa kumshika mkono. Kesho saa tatu anakuja maabara, tuanze na vitanzi. Ruzuku ikija itukute kazini, walimu wawili badala ya mmoja.