Kiti Kisicho na Mshahara

Kila nisikiapo kuwa mtumishi wa umma aliyestaafu anawania kiti cha uwakilishi, hujiuliza: anafuata utumishi au anafuata mshahara?

Katika jimbo la New Hampshire, Marekani, swali hilo lina jibu la zamani. Tangu mwaka 1889, kwa mujibu wa katiba ya jimbo hilo, mbunge hulipwa dola 200 tu kwa kipindi cha miaka miwili, pamoja na posho ya usafiri. Baraza la wawakilishi lina viti 400, na wastaafu humo ni wengi.

Nami niliyesomesha chuoni kwa ujira haba nalipenda jambo hili, kwani kazi ya namna hiyo huichuja nia. Lakini namfikiria mama wa huko huko, mwenye watoto wa kulea na riziki ya kutwa. Mstaafu hutegemea pensheni yake. Mama huyu atategemea nini? Mlango uliofungiwa wenye tamaa umewafungia na wenye dhiki.

Basi mstaafu atakayeshinda ana deni: awaendee wasioweza kugombea, awasikilize, kisha awasemee.