Kwa Binti wa Kaka Yangu, Kuhusu Mkanda

Mesa, Arizona

Mwanangu mpendwa,

  Baba yako amenipigia simu kunieleza kwamba umejiandikisha kwenye mashindano ya bunduki tatu, na kwa jinsi alivyokuwa akizungumza nilielewa kwamba anataka nikukataze. Sikukatazi. Nimekaa miaka mingi kwenye viwanja hivi, zamani nikishindana, siku hizi zaidi nikiwa msimamizi mwenye kipima muda mkononi, na nimewaona vijana wengi wakijifunza hapa utulivu na utii wa kanuni. Lakini ile picha ya mkanda uliyonitumia imenitia wasiwasi, ndiyo maana nimeamua kukuandikia kwa kirefu badala ya kukujibu kwa simu.

Nimeona mkanda laini wa kitambaa, ala ya nailoni inayoyumba, magazini nne za raifoli, risasi za shotigani zimekuzunguka kiuno kizima, na kisu juu yake. Huo ni mkanda wa mtu anayekwenda kulala porini. Wewe utafyatua kwa muda ambao aghalabu haufiki dakika mbili, kisha unarudi kivulini unajaza upya. Kila usichokihitaji katika dakika hizo mbili ni uzito wa bure, na mbaya zaidi, ni kitu cha kukukwaza mkono.

Fikiri kwanza mchezo wenyewe ulivyo. Katika kituo kimoja unaweza kuanza na raifoli, ukamaliza shabaha zake, ukaiweka kwenye pipa ikiwa imefungwa usalama au haina risasi kabisa, ukakimbia kwenda kuchukua shotigani, ukamalizia na bastola. Raifoli na shotigani utaziacha njiani. Bastola ndiyo unayokwenda nayo mwilini tangu mlio wa kwanza, mara nyingi ikiwa imejaa risasi, huku mikono yote miwili imeshika bunduki nyingine na wewe unakimbia, unapiga magoti, unatambaa chini ya kizuizi. Ikidondoka, umeondolewa mashindanoni siku hiyo, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba bastola iliyojaa imeanguka katikati ya watu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mkanda ni kuishikilia bastola. Kazi nyingine zote zinafuata nyuma sana.

Basi anza na mkanda wenyewe. Nunua ule wa tabaka mbili, upana wa inchi moja na nusu. Tabaka la ndani ni jembamba, lina velkro upande wa nje, na linapita kwenye lupu za suruali. La nje ni gumu, ndilo linalobeba vifaa, na linabandikwa juu ya lile la ndani. Ukikazwa vizuri hauzunguki wala hauteremki, hata ukikimbia. Ushike kwa mikono miwili uujaribu kuupinda kama unavyokamua nguo: ukijipinda, haufai. Velkro za huku kwetu hujaa vumbi la jangwani, zikapoteza nguvu. Nawe usiache kuzipiga brashi ya meno kila baada ya mashindano, maana mchanga hauchagui jimbo.

Sasa ala. Hapa usibane pesa. Tafuta ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa aina ya bastola yako hiyohiyo, inayofunika kifyatulio chote, na yenye kufuli linalofunguliwa kwa kidole gumba. Wapo washindani wa bastola peke yake wanaotumia ala zilizo wazi kabisa ili wachomoe haraka. Usiwaige. Wao hawaruki na raifoli mkononi. Wewe fanya hivi: toa risasi zote kwenye bastola, zipeleke chumba kingine, angalia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Irudishe alani mpaka usikie imefunga. Ruka mara kadhaa. Lala kifudifudi, viringika, inuka, pita chini ya meza. Kisha shika kitako uivute kwa nguvu bila kugusa kufuli. Isitoke. Halafu shusha mkono kama siku ya mashindano, gumba likute kufuli lenyewe bila kutafuta, na bastola ije bila kugoma. Ikishindwa mojawapo ya hayo, irudishe dukani.

Kanuni za USPSA, chama cha mchezo huu Marekani, zinataka mtutu wa bastola iliyo alani uelekee chini, usipite futi 3 kutoka miguuni mwako unaposimama kawaida. Na hapa nikwambie jambo ambalo wauzaji wengi, kwa kuwa ni wanaume, hawatakwambia. Vifaa hivi vingi vimetengenezwa kwa kiuno kilichonyooka. Sisi wanawake wa ukoo huu tuna nyonga, na mkanda ukikaa juu ya nyonga unakilaza kitako cha bastola kikaingia mbavuni, mtutu nao ukabenuka nje. Nimewaona wasichana wakichomoa bastola huku wamepinda mwili mzima kwa sababu hiyo, wakidhani kosa ni lao. Tafuta kishikilio kinachoishusha ala kidogo na kuisogeza mbali na mwili. Kiwiko kikipanda juu moja kwa moja bila kwenda pembeni, umepata mahali pake.

Magazini za bastola zikae kushoto, mbele kidogo ya mfupa wa nyonga, vichwa vya risasi vikitazama mbele, ili kidole cha shahada kilale juu ya risasi ya kwanza na kukuongoza mpaka kwenye kitako. Mbili zatosha, tatu ukipenda. Magazini ya raifoli, moja tu, nyuma ya hizo. Yenye risasi 30 inakaribia nusu kilo, nawe umebeba nne! Raifoli inaanza ikiwa imejaa, na kituo kinachokulazimisha kubadilisha magazini zaidi ya mara moja si cha kawaida. Nyuma kabisa, kwenye uti wa mgongo, usiweke kitu kigumu. Siku utakapoanguka chali utanishukuru. Kisu kitoe kabisa. Badala yake weka kile kifaa cha kukaza mguu au mkono kuzuia damu, na ujifunze kukitumia kwa darasa, si kwa kutazama video.

Risasi za shotigani ndizo zinazowafanya watu wapambe mkanda kama ulivyoupamba. Naelewa. Shotigani hujazwa risasi kwa mkono kwenye mrija, na ndipo mashindano mengi yanapopotea. Zamani tulijaza moja moja. Siku hizi wenye ujuzi wanashika nne kwa mkupuo: zimepangwa mbilimbili kwenye vibebeo, mkono unazikumba zote, bunduki inapinduliwa tumbo juu, gumba linasukuma mbili za kwanza ndani, kisha linarudi nyuma na kusukuma mbili za pili. Ukimwona anayejua, vidole havionekani kuhangaika hata kidogo. Wewe anza na mbili. Weka vibebeo mbele kushoto, pale kitovu kinapoishia, risasi zote zielekee upande mmoja, na usibebe zaidi ya zile ambazo kituo kinahitaji pamoja na nne za akiba. Hesabu pleti za chuma za kupigwa, hesabu risasi zilizomo bundukini tayari, toa, ongeza nne. Vibebeo vingi vinang'oka, kwa hiyo kituo kisicho na shotigani viache kwenye mkoba.

Slagi, yaani ile risasi nzito ya kipande kimoja, isikae kamwe pamoja na za marisau. Ipe kifuko chake, upande wake, rangi yake. Slagi ikipiga pleti ya chuma iliyosimamishwa karibu kwa ajili ya marisau, vipande vinarudi kwa waliosimama nyuma yako.

Ukishapanga, chukua kalamu ya rangi uweke alama kwenye mkanda pale kila kitu kilipo, na usivihamishe tena. Mkono unatakiwa uifikie magazini kama unavyoifikia swichi ya taa chumbani mwako usiku. Mtu anayebadilisha mpangilio kila wiki kwa kuwa ameona bingwa fulani kafanya vingine hafiki hapo. Fanya mazoezi nyumbani umeuvaa, bastola tupu, na risasi za bandia zisizo na baruti kwa kujazia shotigani. Dakika kumi kila jioni zitakufaa kuliko siku nzima uwanjani mara moja kwa mwezi.

Uwanjani kuna mambo mawili ya mkanda yanayowaponza wageni. Kwenye meza ya usalama unaruhusiwa kushika bastola, lakini si risasi. Hata magazini yenye risasi na hata risasi za bandia usiziguse pale. Jaza vifuko mahali pengine. La pili: bastola ikidondoka, hata ikiwa tupu, hata kama si zamu yako, usiinamie kuiokota. Simama, mwite msimamizi, yeye ndiye ataichukua. Kuanguka nje ya zamu, ikiwa tupu, hakukuondoi. Kuiokota kunakuondoa.

Sasa la sheria, na hapa nazungumza kama shangazi. Wewe una kadi ya ukaazi wa kudumu, na sheria ya shirikisho inakuruhusu. Rafiki zako waliokuja kwa viza ya masomo hawaruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa vibali vichache mahususi kama leseni ya uwindaji. Wakija kukutazama, wasivae mkanda wako wapige picha, wala usimpe mmoja wao afyatue mara moja tu. Kosa hilo linaweza kumrudisha mtu nyumbani, na wewe uliyempa umevunja sheria vilevile. Ukisafiri kushindana jimbo jingine, soma kwanza sheria zake za magazini: California inaishia risasi 10, Colorado 15, na hizo zako zitakuwa kosa.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Najua unatarajia kwenda nyumbani Desemba. Risasi moja ya 9 mm iliyosahaulika kwenye kona ya mkoba hapa Marekani inaweza kukuletea usumbufu na faini. Ukishuka nayo Dar es Salaam au Nairobi bila kibali, hiyo ni jinai: Tanzania kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya kwa sheria yake ya silaha. Mkoba unaobeba mkanda usibebe kitu kingine chochote, na usitumike safarini hata ukiwa mtupu. Uache hapo Houston unakoishi, kabatini, umefungwa. Na usiku wa kuamkia safari, nipigie uniambie kwamba umeuacha.

Shangazi yako akupendaye