Barabara ya Mgongoni mwa Milima

Shemeji yangu ameendesha malori Marekani miaka mingi, lakini milima ya Blue Ridge alikuwa akiiona kwa mbali tu, akikimbiza mzigo kwenye barabara kuu namba 81 inayopita bondeni. Barabara ya juu kabisa, ile Blue Ridge Parkway inayofuata mgongo wa milima, hairuhusu magari ya biashara. Oktoba 2019 nilipokwenda Maryland kumtembelea yeye na dada yangu, hakuniuliza nataka kwenda wapi. "Shem," alisema, "safari hii tunapita juu."

Barabara hiyo ina maili 469, kama kilomita 755, kutoka Virginia hadi karibu na mji wa Cherokee, North Carolina. Ilianza kujengwa mwaka 1935, enzi za Rais Roosevelt, watu wakitafutiwa kazi wakati wa mdororo wa uchumi, na kipande cha mwisho kikakamilika 1987. Haina mabango ya biashara wala kituo cha mafuta. Mwendo wa juu, sehemu kubwa ya njia, ni maili 45 kwa saa. Shemeji, ambaye kazini hulipwa kwa maili, alisimama kila palipokuwa na nafasi ya kusimama, akashuka na kunyoosha mgongo, akatazama.

Tulikuwa tumefuata majani. Mimi ni mtu wa Dodoma. Mibuyu iliyobaki mitupu kiangazi nimeiona tangu utoto. Lakini mlima mzima kugeuka njano, chungwa na nyekundu, hilo lilikuwa jipya kwangu. Mpwa wangu, binti aliyekuwa sekondari, ndiye aliyenifumbua macho. "Mjomba, hiyo njano ilikuwamo siku zote." Siku zinapofupika, alieleza, mti huacha kutengeneza klorofili, kijani kinafifia, na njano iliyokuwa imefunikwa inajitokeza. Nyekundu ni habari nyingine: mti huitengeneza upya wakati huo, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani. Kwa kuwa juu kuna baridi zaidi, kule vileleni majani yalikwisha kupukutika, na tukishuka tunakuta miti bado kijani. Msimu ule tuliupanda na kuushuka mara nyingi kwa siku moja. Binti akaanza kuokota majani na kuyabana kwenye kitabu, kila moja na namba ya maili iliyoandikwa kwenye nguzo ya karibu.

Shemeji yeye alinaswa na uzio wa kando ya barabara. Kabla ya malori alikuwa seremala, na ile mbao ya kijivu iliyopasuliwa kwa mkono, kavu, isiyooza, ilimshangaza. Ni ya mti wa chesnati, uliokuwa umejaa milima hii hadi ugonjwa wa ukungu kutoka Asia, uliogunduliwa New York mwaka 1904, ulipoangamiza miti mabilioni. Mizizi mingi ingali hai, inachipua, na machipukizi hushikwa na ugonjwa uleule kabla hayajakua. Aliupapasa ule uzio kama mtu anayepima homa ya mtoto, akaanza kunihadithia habari za mpingo.

Mimi nilinaswa karibu na mji wa Galax, kwenye kituo cha muziki cha Blue Ridge. Mchana wanamuziki wa maeneo yale huketi na kupiga, bila kiingilio. Mzee mmoja alikuwa na banjo. Ukucha wake ulishuka na kugonga uzi, kisha kidole gumba kikanasa uzi ule mfupi wa tano, ambao sauti yake haibadiliki, inarudi na kurudi chini ya wimbo. Nilisikia zeze. Namaanisha mazeze ya Ugogo, yale aliyoyapeleka duniani marehemu Hukwe Zawose: uzi mmoja unaimba, mwingine unashikilia.

Najua si ukoo mmoja. Zeze la Kigogo hupigwa kwa upinde, na jamaa wa karibu wa banjo wako Afrika Magharibi, kama akonting ya Wajola wa Senegali na Gambia. Lakini kwamba banjo ni mtoto wa Afrika, hilo halina ubishi. Daktari Hans Sloane aliona ala za namna hiyo, za vibuyu, mikononi mwa watumwa Jamaika miaka ya 1680. Thomas Jefferson, mmiliki wa watumwa hapo hapo Virginia, aliandika kwamba walikuja nayo kutoka Afrika. Baadaye Wazungu wa milimani wakaipenda, wakaifanya yao, na kumbukumbu ya waliokuja nayo ikafifia. Habari hiyo iliniuma, na bado inaniuma.

Tulipofika Boone nikaketi kando ya sanamu ya Doc Watson, mpiga gitaa kipofu ambaye banjo yake ya utotoni baba yake aliiwamba kwa ngozi ya paka. Katika mji huohuo, mwaka 2005, wapiga banjo weusi na wapenzi wa muziki huo walikutana. Hapo walikutana vijana walioanzisha bendi ya Carolina Chocolate Drops, wakawa wanakwenda kwa Joe Thompson wa Mebane, mzee mweusi aliyerithi fidla ya kwao, kujifunza miguuni pake. Nilinunua rekodi zao, na njia yote iliyobaki dada yangu hakupata nafasi ya kusikiliza kitu kingine.

Sasa nina banjo ya kibuyu. Niliporudi Dodoma niliipeleka Chamwino kwa mzee mmoja mpiga zeze. Aliigeuza, akaigonga tumbo, akauliza upinde wake uko wapi. Nikamwambia haina, hupigwa kwa kucha. Akazilegeza nyuzi zote, akaanza kuzikaza upya, moja moja, kwa sauti za Kigogo.