Marehemu Naye Anadai



Ndugu yangu unayesoma, leo sikuletei kisa cha watu wa kale. Nakuletea changu mwenyewe, na ninakiandika kwa aibu.

Kabla sijakabidhiwa msikiti nilikuwa fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani. Nilikaa barazani nikishona kanzu na sare za shule. Miongoni mwa wateja wangu alikuwepo mzee mmoja, mtu wa maneno machache. Kila mwaka ikiingia Shaabani ananiletea kitambaa cha kanzu ya Idi, na pesa ya ushonaji ananipa yote hapo hapo.

Mwaka mmoja akaleta mita nne. Nilipopima na kukata, ikabaki mita moja nzima. Siku ya kuchukua kanzu akaniuliza, "Fundi, hakikubaki kipande?" Nikamjibu, "Kimeisha chote, mzee." Akasema alhamdulillah, akaenda zake.

Mita ile nikamshonea mwanangu wa miaka minne. Asubuhi ya Idi, baada ya sala, mzee akatukuta nje. Amevaa kitambaa kile kile. Akaushika mkono wa kanzu ya mtoto kwa vidole viwili, kama ashikavyo mtu anayejua nguo. Kisha akampa mtoto pesa ya Idi, akamwambia, "Imekupendeza, mjukuu wangu." Mimi hakuniangalia. Mwaka uliofuata akaleta tena kitambaa kwangu.

Miaka ikapita. Nikawekwa imamu, na mzee akawa anasali nyuma yangu, safu ya kwanza. Watu wote wakaniita shehe. Yeye peke yake aliendelea kuniita fundi, na kila akiniita hivyo tumbo lilinikata. Nimewahi kufasiri Suratul Mutaffifin, sura ya 83, inayowaonya wanaopunja vipimo, naye amekaa mbele yangu ananisikiliza. Mara ngapi nilisema, leo baada ya sala nitamwomba radhi! Nikaona haya. Nikasema kesho. Kesho zikaisha, mzee akafa.

Sasa sikiliza hapa. Jeneza liko mbele yangu, na kama ilivyo desturi yetu nikawageukia watu nikasema, "Anayemdai marehemu awaendee wafiwa." Tunafanya hivyo kwa kuwa deni si jambo dogo. Mtume wetu (S.A.W.) aliwahi kuletewa jeneza la mtu mwenye deni, akawaambia masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Lakini siku ile maneno yangu yalinirudia mwenyewe. Tunauliza nani anamdai maiti. Mbona hatuulizi maiti anamdai nani? Mdaiwa wake alikuwa amesimama pale, ndiye aliyekuwa anamsalisha.

Baada ya matanga nikaenda nyumbani kwao na shilingi 10,000, bei ya mita moja ya kitambaa kama kile kwa leo. Nikawaeleza yote. Mjane akalia. Watoto wake wakubwa, wa kiume wawili na binti mmoja, wakasema, "Shehe, tumekusamehe, hata hiyo pesa rudi nayo." Moyo wangu ukataka kukubali haraka. Lakini marehemu ameacha na binti mdogo, hajabaleghe. Na mtoto mdogo hawezi kusamehe haki yake, wala mkubwa hawezi kumsamehea. Tukapiga hesabu ya mirathi: mjane thumuni, kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Fungu la yule mtoto halikufika shilingi 1,500. Nikamhesabia mama yake mkononi amtunzie.

Ndugu yangu, ona nilivyodhalilika. Deni ambalo lingekwisha kwa neno moja barazani, "Mzee, nisamehe," nimekwenda kulilipa kwa mtoto ambaye hata hajui nadaiwa nini. Na warithi wamesamehe mali. Ule uongo nilimwambia yeye, na yeye hayupo. Kama alijua akanisitiri, au hakujua, Allah ndiye ajuaye. Nimebaki na kumwombea dua na istighfari.

Basi wewe fundi simu uliyebadilisha kifaa kizima, wewe muuza duka wa mizani, wewe dereva uliyekaa na chenji ya abiria: mteja wako akiwa hai, nenda leo. Akiwa amekufa, watafute warithi wake, uangalie na walio wadogo. Ukiwatafuta kweli kweli ukawakosa, toa sadaka kwa niaba ya mwenye haki, ukiwa na nia ya kuwalipa wakijitokeza. Wala usijidanganye kwamba ni kitu kidogo. Mita moja imenisumbua zaidi ya miaka 20.

Ewe Mola, msamehe mzee wetu, lipanue kaburi lake, na uturidhishie wote tuliowadhulumu. Aamin.