Transista Mpya Katika Redio ya Zamani

Ndugu vijana, wengi wenu mlizaliwa simu ya mkononi ikiwa tayari mfukoni mwa wazazi wenu, na neno "foni" mmelisikia tu katika masimulizi ya wazee. Foni ndiyo redio ya kusema na kupokea ambayo kwa miaka mingi, katika Kongo yetu, iliunganisha misioni na misioni, zoni ya afya na hospitali, mfanyabiashara na ghala lake. Haihitaji mnara wala vocha. Sauti yake hupanda, hurudishwa na tabaka la juu la anga, kisha hushuka kilomita mamia kutoka pale iliposemwa. Huku kwetu Nzilo, ng'ambo ya ziwa, vingali vijiji ambamo simu haishiki, na anayeleta habari ya mama aliyezidiwa na uchungu wa kuzaa hana budi kuvuka kwa mtumbwi, hata usiku, hata penye upepo. Kwa sababu hiyo, foni yetu iliponyamaza katikati ya masika, hatukukubali shauri la waliosema itupwe.

Haikuwa imekufa kabisa. Ilisikia vizuri, lakini haikusikika. Fundi tuliyemwita kutoka Kolwezi alitushangaza kidogo: hakuifungua redio, bali alitoka nje kutazama antena. Waya ulikuwa umekatwa na dhoruba, upande mmoja ukining'inia katika mwembe. Alitueleza kwamba transista za mwisho katika redio ndizo zinazosukuma nguvu kwenda hewani, na nguvu hiyo ikikosa njia kwenye antena hurudi nyuma na kuziunguza. Kuweka transista mpya huku waya ungali umekatika ni kuzipeleka nazo kuungua. Basi kazi ya siku ya kwanza ilikuwa kamba, ngazi na waya, na watoto wa jirani walifurahi sana.

Siku ya pili ndipo kifuniko kilipofunguliwa. Sisi hatukusomea elektroniki. Tulisomea ualimu, na kazi yetu ilikuwa kushika taa na kuuliza maswali. Tuliona transista mbili zilizofungwa bega kwa bega, kila moja imeandikwa 2SC1969. Zilitengenezwa na Mitsubishi wa Japani, kila moja ikiweza kutoa wati 16 katika megahezi 27 kwa umeme wa volti 12. Zilitumika katika redio nyingi mno za zama zile, kisha kiwanda kikaacha kuzitengeneza. Hapo ndipo shida huanza, kwa maana kitu kinachotafutwa na wengi na kisichotengenezwa tena huwavuta wenye kughushi. Fundi alikuwa nazo kadhaa za namna hiyo, zimenunuliwa sokoni kwa bei nafuu, namba ikiwa imechapwa vizuri kuliko ile ya asili. Alipasua moja mbele yetu. Ndani, kipande cha silikoni kilikuwa kidogo mno, si cha transista ya kubeba wati 16. Ilikuwa transista nyingine ya hali ya chini iliyofutwa jina lake na kuandikwa jina la mwingine.

Aliyoiweka mahali pake ni ya aina mpya zaidi, RD16HHF1, nayo ya Mitsubishi, iliyoundwa kutoa wati 16 katika megahezi 30. Kwa kuitazama zinafanana: umbo moja, miguu mitatu, tundu moja la skrubu. Ukidhani kufanana huko kunatosha, utaunguza redio dakika ile unayoiwasha.

Sisi wa Nzilo tuna njia nzuri ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa bwawa liko machoni petu. Lilijengwa na Union Minière mwanzoni mwa miaka ya 1950, likaitwa Delcommune enzi hizo, na mitambo yake ni ya megawati 108. Transista ni kama lango la bwawa: mkono mdogo unageuza, maji mengi yanapita. Lakini malango si ya namna moja. Transista ya zamani hufunguka kwa kunyweshwa. Lazima mkondo mdogo wa umeme uingie katika mguu wake uitwao bezi, nao huanza kufunguka kwenye karibu volti 0.6 au 0.7. Ile mpya hainywi kitu, au karibu na kutokunywa. Mguu wake uitwao geti huhitaji kusukumwa tu, lakini kwa msukumo mkubwa zaidi, volti tatu, nne, hata zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukiiweka mpya penye volti 0.7 za ya zamani, itabaki imefungwa na redio itaendelea kuwa bubu. Fundi aliiondoa ile diodi iliyokuwa ikitoa volti hizo, akaweka kidhibiti kidogo cha volti 5 na vizuizi viwili vya kurekebishwa kwa bisibisi, kimoja kwa kila transista, maana hata ndugu wawili waliotoka kiwanda kimoja hawafunguki sawasawa.

Kisha ikaja habari ya miguu. Ukiitazama ya zamani kwa mbele, mpangilio ni bezi, kolekta, emita. Mpya ni geti, sosi, dreni. Geti huchukua kazi ya bezi, dreni kazi ya kolekta, sosi kazi ya emita. Basi miguu miwili imebadilishana mahali, na ilibidi njia za shaba kwenye bodi zikatwe na kuunganishwa upya. Tena mgongo wa chuma wa ile ya zamani umeungana na kolekta, yaani na volti 12, ndiyo maana ilitengwa na mwili wa redio kwa karatasi ya mika. Mgongo wa mpya umeungana na sosi, yaani na ardhi ya redio, hivyo mika haihitajiki tena na joto hutoka kwa urahisi zaidi. Chini yake fundi aliweka bamba la shaba, unene wa milimita tatu, kabla ya kufika kwenye alumini, kwa kuwa shaba husambaza joto vizuri kuliko alumini. Tunaishi juu ya shaba, malori yake yanatupita mchana na usiku, lakini ni mara chache mno tunaiona ikifanya kazi mikononi mwetu wenyewe.

Jambo moja zaidi, ambalo mafundi wengi hulipita. Transista mpya ina nguvu ya kukuza kuliko ile iliyoondoka, na kukuza kupita kiasi huifanya redio ijililie yenyewe, itoe sauti za ovyo katika masafa ya watu wengine. Fundi aliongeza vizuizi vya kuipunguza, akapima, akaongeza tena. Majaribio hayo hakuyafanya kwenye antena. Mwisho wa waya aliweka kizuizi cha omu 50 chenye uwezo wa kumeza nguvu yote, ili asisumbue hewa. Aliweka kila transista kwenye miliampia 250 za mapumziko, akabonyeza kitufe, akapuliza mluzi katika kinasa sauti. Kipimo kilionyesha wati 20, ambazo ndizo redio ilikuwa ikitoa ilipokuwa mpya.

Kazi ilichukua siku nne. Kijana mmoja wa kikundi chetu aliuliza kwa nini tusichange tununue mpya. Swali halikuwa baya. Lakini redio mpya ingefungwa kwa siri zake, na hapa Nzilo hakuna ambaye angejua kuifungua. Hii ya zamani sasa vijana watatu wanaijua ndani na nje, na mchoro wa mabadiliko yote umebandikwa chini ya kifuniko chake.

Bado tunayo redio nyingine, kubwa zaidi, iliyokaa stoo tangu zamani. Transista zake si za plastiki. Zina kauri nyeupe chini ya kifuniko. Fundi alituonya kwamba kauri ya namna hiyo mara nyingi ni oksidi ya berili, na vumbi lake likivutwa pumuani huleta ugonjwa usiopona. Hizo hazipasuliwi, hazisuguliwi kwa tupa, hazitupwi motoni. Tumezifunga nzima katika kopo la maziwa, tukaandika juu yake kwa rangi nyekundu, na kopo liko juu ya kabati, mahali ambapo watoto hawafiki.